Haki iliyoandikwa kwa kilo: niliyopitia nikidai mshahara wangu wa urubani Australia

Kila nikisimulia kwamba niliachishwa kazi ya urubani Australia kisha nikalipwa haki yangu, vijana wa nyumbani huniuliza swali lile lile: "Kwani mligoma?" Nawaelewa. Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways walipogoma kupitia chama chao cha KALPA, safari zilifutwa, abiria wakakwama uwanjani, na haikupita wiki mahakama ya kazi ikawaamuru warudi kazini. Nchi nzima ilifuatilia. Basi picha iliyobaki vichwani ni hiyo, kwamba rubani akidhulumiwa hugoma.

Sisi hatukugoma. Marubani wote wa kampuni yetu tusingejaza matatu moja, na vijana waliokuwa wakizunguka uwanjani na wasifu wao mkononi wakiomba kiti walikuwa wengi kutuzidi. Ningegoma mimi, kesho yake asubuhi kiti changu kingekuwa na mtu. Kilichonisaidia ni hati ya kisheria iitwayo Air Pilots Award, pamoja na chama cha wafanyakazi chenye watu wanaojua kuisoma. Najua wapo wenzetu wanaosomea urubani kule au wanaofikiria kuhamia, na mengi niliyoyapitia hakuna anayekufundisha chuoni.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Leseni ya biashara niliipatia Wilson, Nairobi, halafu nikamfuata mume wangu, ambaye ni muuguzi, Darwin. Kubadilisha leseni iwe ya Australia ni safari yake peke yake: mitihani ya CASA, ambayo ndiyo mamlaka yao ya usafiri wa anga, vipimo vya afya, kisha mtihani wa kuruka. Sitaizungumzia hapa. Ninachotaka mjue ni kwamba rubani anayeanza kazi, awe mzawa au mhamiaji, huanzia kaskazini: Darwin, Kununurra, Broome. Huko ndiko kuna kampuni ndogo za ndege zinazopeleka barua, walimu, wauguzi, vipuri na vyakula kwenye vijiji vya Arnhem Land, na msimu wa kiangazi kuwazungusha watalii juu ya miamba ya Bungle Bungle. Viwanja vingine ni udongo mwekundu mtupu, na kabla hujatua unapita chini mara moja kufukuza wanyama. Kazi tamu kweli kweli. Lakini viti ni vichache na wanaovitaka ni wengi, kiasi kwamba kuna marubani wenye leseni kamili wanaoosha ndege na kupokea simu ofisini wakingoja mtu aondoke. Mwajiri analijua hilo, na ukikaa naye mezani kusaini mkataba, na wewe unajua kwamba anajua.

Award ndiyo hii. Kule Australia kila sekta ina hati inayoweka kiwango cha chini cha mshahara na masharti ya kazi, na hutolewa na tume yao ya kazi, Fair Work Commission. Mfumo wa sasa ulianza Januari 2010, na ya marubani inayotumika sasa ni ya 2020. Sisi pia Kenya na Tanzania tuna amri za mishahara za kisekta, kwa hiyo wazo lenyewe si geni. Mkataba wako unaweza kuwa bora kuliko Award, kamwe hauwezi kushuka chini yake, hata ukitia sahihi mbele ya mashahidi kwamba umeridhika. Mashirika makubwa yana mikataba ya pamoja iliyojadiliwa na vyama, na hiyo nayo haipitishwi na tume mpaka ionekane inamwacha mfanyakazi katika hali bora kuliko Award. Sisi wa ndege ndogo hatukuwa na mkataba wa pamoja. Award ndiyo ilikuwa kila kitu.

Na Award ya marubani inahesabu kwa kilo. Kwa ndege ndogo zisizo za mashirika ya ratiba, mshahara wako unategemea ndege unayotakiwa kuirusha: ina injini moja au mbili, na uzito wake wa juu wa kuruka ni kiasi gani. Kwa injini moja kuna daraja la chini ya kilo 1,360, kuna la kuanzia hapo hadi 3,359, na kuna la kilo 3,360 kwenda juu. Mimi niliajiriwa kurusha Cessna 206, ndege ya kilo 1,600 na kitu, daraja la kati. Baada ya miezi michache nikafundishwa Cessna Caravan, ndege ya injini moja iliyo kubwa zaidi, na tangu hapo nikawa naonekana kwenye Caravan karibu kila siku. Grand Caravan inakaribia kilo 4,000. Ndege ilibadilika, mizigo ikabadilika, jukumu likabadilika. Hati yangu ya mshahara haikubadilika hata senti.

Aliyenifumbua macho ni kapteni mmoja mzee, mtu wa maneno machache, aliyekuja kunifanyia ukaguzi wa kuruka. Tulipokuwa tunafunga ndege kamba akaniuliza kama mzaha, "Hawa wanakulipa kwa ndege gani?" Sikuwa na jibu. Usiku ule nilikaa jikoni na kitabu changu cha saa za kuruka, hati za mshahara nilizozichapisha kazini kwa mume wangu, na rula. Kitabu cha rubani kina safu ya tarehe, safu ya aina ya ndege, safu ya namba ya usajili, kisha njia na saa. Niliweka rula chini ya mstari mmoja mmoja nikawa namsomea mume wangu, C208 ikiwa ndiyo Caravan: C208, C208, C206, C208. Yeye akaweka alama kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu ya kijani. Tulipomaliza mwezi wa kwanza akanyamaza akiitazama ile kalenda, akasema, "Wewe, hii si 206 tena."

Hicho kitabu, ambacho kila rubani analazimika kukijaza na wengi tunakijaza kwa uvivu mwisho wa wiki, ndicho kilichokuja kuwa ushahidi wangu mkubwa kuliko wote. Kijazeni siku hiyo hiyo. Ratiba za zamu nazo zipigieni picha kila zinapotolewa, kwa sababu zikiwa kwenye mfumo wa kampuni, siku utakayoondolewa kazini utaondolewa na mfumoni. Sheria ya Australia inamtaka mwajiri akupe hati ya mshahara ndani ya siku moja ya kazi baada ya kukulipa, na atunze kumbukumbu zako miaka 7. Lakini kumbukumbu zilizo kwake ni za kuombwa, zilizo kwako ni za kufunguliwa tu.

Tulipoendelea kuchimba tukakuta na la likizo. Award inampa rubani siku 42 za likizo kwa mwaka, zikihesabiwa pamoja na Jumamosi, Jumapili na sikukuu, yaani wiki 6. Mimi nilikuwa nahesabiwa wiki 4 kama mfanyakazi wa kawaida wa ofisini. Sijui kama ilikuwa hila au mtu wa mahesabu alibonyeza kitufe cha kawaida tu. Mpaka leo nadhani la likizo lilikuwa uzembe. La kilo, hapana.

Kabla sijamwandikia mtu yeyote nilimpigia mjomba wangu Mombasa. Mjomba alifanya kazi bandarini Kilindini maisha yake yote, mwanachama wa chama cha wafanyakazi wa bandari, na ameona mambo. Akaniambia, "Mwanangu, usiende ofisini mikono mitupu, wala usiende peke yako." Wiki ile ile nikajiunga na AFAP, shirikisho la marubani linalochukua wanachama kuanzia sisi wa ndege ndogo hadi wa mashirika makubwa. Marubani wa Qantas wengi wako kwenye chama kingine, AIPA. Hapa niseme wazi: jiungeni kabla ya tatizo. Vyama vingi huwa vizito kumgharamia wakili mtu aliyejiunga leo kwa kesi iliyoanza mwaka jana, na ukiwaza vizuri ni haki yao, fedha ni za wanachama wanaolipa kila mwezi. Ada ilinichoma kidogo, sikatai. Lakini kule ada ya chama inakatwa kwenye hesabu ya kodi ya mapato, kwa hiyo sehemu yake hurudi.

Nilikuwa nimeandika barua ya hasira, kurasa mbili, yenye neno "wizi" ndani yake. Yule dada wa chama aliyeisoma aliikata ikabaki sentensi tatu. Naomba kuelezwa nimewekwa daraja gani la Award. Naomba kuelezwa daraja hilo linatokana na ndege ipi. Naomba nijibiwe kwa maandishi. Basi. Nilimwuliza mbona amenipunguzia makali, akanieleza jambo ambalo lilikuja kuamua kesi yote: kwa sheria yao ya Fair Work ya 2009, mfanyakazi kuuliza au kulalamika kuhusu kazi yake ni haki inayolindwa. Ukikomolewa kwa sababu ya kuuliza, kule kukomolewa ni kosa jipya kabisa, mbali na deni la mshahara. Sasa ukiandika matusi unampa mwajiri sababu nyingine ya kukufukuza. Ukiuliza kwa adabu, humpi.

Jibu halikuja. Kilichokuja ni ratiba. Wiki iliyofuata nilikuwa na safari mbili tu, zote za 206. Rubani mkuu alinikuta hangani akaniambia kwa sauti ya kaka anayesikitika, "Si ungenifuata mimi tu? Kwa nini umeandika?" Nikajibu niliandika ili nisisahau. Hakucheka. Wenzangu wakaanza kunyamaza nikiingia chumba cha marubani. Hilo ndilo liliniuma kuliko ratiba, kwa sababu nilijua wawili kati yao wanarusha Caravan kwa mshahara ule ule wangu, na macho yao yaliniambia nisiwatie matatani.

Kisha nikaitwa kwenye kikao cha "utendaji", nikaarifiwa jioni kikao kiwe asubuhi. Nikaomba kuja na mtu wa kunisindikiza. Mwajiri akikataa ombi hilo bila sababu ya msingi, tume itakuja kulitazama ikipima kama kuachishwa kwako kulikuwa kwa haki. Jueni tu kwamba msindikizaji si wakili wenu pale ndani. Anakaa, anasikiliza, anaandika, anaweza kuomba mpumzike dakika tano ukianza kutetemeka. Wangu aliandika kurasa nne kwa mwandiko mbaya ajabu, na kila ukurasa aliandika saa.

Walichonilaumu nacho ni safari niliyoikataa miezi kadhaa nyuma. Siku ile tulikuwa tumechelewa kijijini kwa mvua, nikarudi Darwin nimechoka hoi, wakataka nigeuze na mzigo mwingine. Nikasema siwezi. Kanuni za CASA za uchovu zinamkataza rubani kuruka akijua uchovu wake unahatarisha usalama, na siku ile nilijaza fomu ya taarifa ya uchovu kama inavyotakiwa. Wakati ule hakuna aliyenisema. Sasa imekuwa "mtazamo mbaya kwa kazi". Siku chache baadaye nikapewa barua ya kuachishwa. Na malipo ya mwisho yalipoingia, yalikuwa yamekatwa gharama za mafunzo ya Caravan, kwa sababu nilitia sahihi karatasi kwamba nikiondoka kabla ya miaka miwili nitazirudisha. Yaani wananiondoa wao, halafu ninalipa mimi.

Hapo ndipo sikio liwe wazi. Kuomba tume isikilize suala la kuachishwa kazi Australia una siku 21 kuanzia siku kuachishwa kulipoanza kutekelezwa. Ni siku za kalenda, wikendi ndani. Ukichelewa, tume inaweza kukuongezea muda kwa sababu za kipekee tu, na "nilikuwa najadiliana na bosi" kwa kawaida haitoshi. Meneja wetu alinipigia simu kwa upole mwingi, akasema nitulie, mwenye kampuni yuko safarini, akirudi tutayamaliza kifamilia. Pengine alimaanisha. Lakini mwenzangu mmoja, aliyeondolewa muda mfupi kabla yangu, aliambiwa maneno hayo hayo akatulia. Alipokwenda kuuliza, mlango ulikuwa umefungwa. Yeye alikuwa kwa viza ya kudhaminiwa na kampuni, na hofu ya viza ndiyo iliyomfanya awe mpole.

Kwa walio na viza kama yake: sheria za kazi za Australia zinamlinda mwenye viza sawasawa na raia. Tangu Julai 2024 mwenye viza ya kudhaminiwa akitoka kwa mdhamini anayo hadi siku 180 kwa mkupuo mmoja kutafuta mdhamini mwingine, na jumla isizidi siku 365 kwa muda wote wa viza. Zamani zilikuwa siku 60 tu. Mwaka huo huo walianzisha pia viza ya muda ya kumwezesha mhamiaji kubaki akishughulikia madai yake ya kazi. Haya yangekuwepo wakati wa mwenzangu, labda asingetulia.

Turudi kwangu. Wakili wa chama alinieleza kwamba kuna milango miwili na huwezi kuingia yote. Wa kwanza ni kuachishwa isivyo haki. Huo unataka uwe umefanya kazi angalau miezi 6, au mwaka mzima kama kampuni ina wafanyakazi chini ya 15, na kama ni kibarua lazima zamu zako ziwe za mpangilio wa kudumu. Tume inaweza kuamuru urudishwe kazini au ulipwe, na malipo hayazidi mshahara wa wiki 26. Maumivu ya moyo hayalipwi. Mlango wa pili ni ule wa kukomolewa kwa kutumia haki yako. Huo hauna kima cha muda wa kazi, hauna kikomo cha wiki 26, na uzuri wake ni kwamba mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha kuwa hakukufukuza kwa sababu hiyo. Ubaya wake: usuluhishi ukishindikana, njia ya kawaida ni kwenda mahakamani ndani ya siku 14, na mahakamani ni pesa na ni miaka.

Tukachagua wa pili, kwa sababu ya tarehe. Barua yangu ya sentensi tatu ina tarehe. Ratiba iliyonyauka ina tarehe wiki moja baadaye. Safari niliyoikataa ina tarehe ya miezi nyuma, pamoja na fomu ya uchovu ambayo hakuna aliyeijibu. Ukizipanga kwenye meza hazihitaji maelezo mengi. Ada ya kufungua ombi haikufika dola 100, na asiye na uwezo anaweza kuomba asamehewe.

Kikao cha tume kilifanyika kwa simu. Nilijiandaa kwa mahakama, nikavaa hata blauzi ya kazi, kumbe ni kukaa sebuleni na simu kwenye spika. Msuluhishi alizungumza na sote pamoja kwanza, kisha akawa anahama: dakika ishirini na wao, kumi na sisi, wao tena. Muda mrefu ulikuwa wa kungoja tu. Ofa ya kwanza ilikuwa ya kuudhi, wakili akacheka kidogo akaniambia ni kawaida. Suala la gharama za mafunzo lilikwisha upesi kuliko nilivyotarajia, maana Award inasema gharama za kukufikisha na kukudumisha kwenye sifa za ndege ambayo mwajiri anataka uirushe ni za mwajiri. Mikataba ya kufunga rubani kwa mafunzo bado inabishaniwa sana katika fani yetu, na sisemi kila karatasi ya namna hiyo ni batili. Lakini kukata moja kwa moja kwenye malipo ya mwisho ya mtu uliyemfukuza mwenyewe, wakili wao hakutaka kabisa kulitetea mbele ya hakimu.

Tulisuluhishana siku ile. Siwezi kutaja kiasi, suluhu nyingi huja na sharti la kunyamaza kuhusu fedha na yangu ilikuwa nalo. Niseme tu kwamba nililipwa tofauti ya daraja kwa miezi yote ya Caravan, likizo, makato yakarudi, na kitu juu yake. Kazi sikurudishiwa, na sikuitaka. Kitu ambacho wakili alikisisitiza na mimi nikakiona kidogo, kumbe ndicho kilichonifaa zaidi, ni barua ya utumishi: inayosema nilifanya kazi kuanzia lini hadi lini, ndege zipi, saa ngapi, na kwamba niliondoka kwa kujiuzulu. Maneno yake tuliyaandika sisi na yakawa sehemu ya suluhu. Ombeni hiyo. Katika fani ndogo kama yetu rubani mkuu wa kampuni A amesoma na wa kampuni B, na simu hupigwa.

Gharama nyingine hazikulipwa na mtu. Kwa miezi kadhaa tuliishi kwa mshahara mmoja, na hela ya Mama Mombasa ikapungua, nikamdanganya kwamba benki ina matatizo. Darwin ni mji mdogo. Nilikuwa nakwepa duka kuu la karibu na uwanja kwa sababu marubani hununua chakula pale, na mara moja niliacha toroli limejaa nikatoka nje kwa kuwa nilimwona mke wa rubani mkuu kwenye kaunta. Nililala vibaya. Daktari wa anga aliponiuliza kuhusu usingizi kwenye vipimo vya leseni, nilisita kabla ya kujibu, maana rubani anaogopa kila neno linaloandikwa kwenye faili la afya. Nikamwambia ukweli. Aliandika, akaniuliza mawili matatu, akanipa cheti.

Wapo watakaowaambia vyama vya marubani Australia vilikufa mwaka 1989. Nilisikia hilo mara nyingi, hasa kwa wazee. Mwaka ule AFAP ilidai nyongeza ya asilimia 29.47 wakati serikali ya Bob Hawke na shirikisho kuu la vyama vya wafanyakazi walikuwa na makubaliano ya kubana mishahara. Marubani wakaanza kufanya kazi saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni tu, mashirika yakawatishia mashtaka ya fidia, nao mwezi Agosti wakajiuzulu kwa wingi ili wasishtakiwe mmoja mmoja. Serikali ikaleta ndege za jeshi la anga kubeba abiria, mashirika yakaajiri upya kwa mikataba ya mtu mmoja mmoja, na wengi hawakurudi tena kwenye ndege za Australia. Kapteni yule aliyeniuliza nalipwa kwa ndege gani alikuwa mmoja wao, akaenda kuruka ng'ambo miaka mingi. Hajamsamehe aliyewaacha wenzake akarudi kuruka wakati ule, na majina anayo kichwani. Lakini kadi yake ya chama bado anailipia. Siku hizi mgomo una njia yake ya kisheria, kura ya siri iliyoidhinishwa na tume na notisi ya maandishi, na ni njia ya wale wanaojadili mkataba wa pamoja. Sisi wa ndege tatu nne tunabaki na Award na kitabu cha saa za kuruka.

Kama shida yako ni mshahara peke yake na bado uko kazini, huhitaji kungoja kufukuzwa. Madai ya mshahara uliopunjwa yanaweza kurudi nyuma hadi miaka 6. Ofisi inayohusika ni Fair Work Ombudsman, tofauti na ile tume, na watu huzichanganya sana. Kuna pia utaratibu mwepesi wa mahakama kwa madai yasiyozidi dola 100,000 za Australia. Na tangu Januari 2025 mwajiri anayempunja mfanyakazi kwa makusudi anaweza kushtakiwa kwa jinai, jambo ambalo nasikia limewafanya watu wa mahesabu wafungue majedwali ya Award kwa bidii mpya. Viwango hupanda kila Julai mosi. Mimi sasa niko kampuni nyingine, na wiki hiyo ya Julai huwa nafungua hati ya mshahara na jedwali pamoja, nikiwa na chai.

Walio nyumbani, muda wenu ni tofauti na wetu, msije mkanakili siku 21 zangu. Tanzania, mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30, na migogoro mingine ya kazi ndani ya siku 60. Ukichelewa utaanza kwanza kuomba kuongezewa muda. Kenya unayo miaka mitatu kufungua madai kwenye mahakama ya kazi, na kabla hujaachishwa kwa utendaji au utovu wa nidhamu, mwajiri anatakiwa akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mtu wa chama uliyemchagua mwenyewe.

Miaka mitatu inaonekana mingi. Ratiba zilizoko kwenye mfumo wa kampuni hazikai muda huo.